Viputo, matone na unga mweupe: kutafuta chanzo cha kutu ndani ya bodi ya gari la zamani

Peugeot 504, Volkswagen Beetle, Land Rover za Series na Land Cruiser FJ40 zinatofautiana kwa mengi, ila zote zina vyumba vya bati ambavyo mkono haufiki: vizingiti chini ya milango, matumbo ya milango, nguzo zinazobeba paa, mikunjo ya madigadi, na kwa yale yenye chasi ya peke yake, chasi yenyewe yenye umbo la boksi. Kiwandani vyumba hivyo vilipata rangi kidogo, vingine havikupata kabisa. Kwa mwenye gari Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja, chumvi ya hewani huingia humo kupitia matundu yaleyale yaliyowekwa ili maji yatoke. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji na kuyeyuka unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 hivi, na usiku wa pwani hupita hapo mara nyingi. Kwa hiyo hata gari lililofungiwa bandani, lisiloguswa na mvua, huweza kuoza vizuri tu.

Kinga zenyewe ni za makundi manne. Nta iliyochanganywa na kiyeyushi, kama Dinitrol ML, Waxoyl au Dynax S50, hupulizwa ikiwa nyepesi, kiyeyushi huruka na kuacha utando laini. Mafuta ya lanolini, yanayotokana na sufu ya kondoo, kama Fluid Film, hayakauki. Hutambaa hadi kwenye maungio lakini hutaka kurudiwa. Girisi ya moto, kama ile ya Mike Sander ya Ujerumani, huyeyushwa na kupulizwa ikiwa ya moto sana. Kundi la mwisho ni kinga ngumu: epoksi (rangi ngumu ya kuchanganya), rangi ya POR-15, lami. Hizi ngumu ni za bati unaloliona na uliloweza kulisafisha. Ndani ya chumba chenye kutu ya zamani, weka kinga laini au usiweke kitu. Malalamiko mengi yanayofuata yanaanzia hapo.

Kwa ukaguzi tafuta bisibisi butu, sumaku iliyofungwa kitambaa, tai za plastiki za kufungia waya, na kamera ndogo ya endoskopu inayochomekwa kwenye simu. Hiyo kamera ina faida kuliko chupa tano za nta zilizopulizwa kwa kukisia.

Rangi imevimba viputo kwenye kizingiti au ukingo wa chini wa mlango

Anza na matundu ya kutolea maji. Ndicho chanzo cha kawaida kuliko vyote. Kila mlango una matundu mawili hadi manne kwenye ukingo wa chini, na kizingiti kina yake upande wa chini. Huzibwa na vumbi lililogeuka tope, majani, au lami aliyopaka fundi aliyetangulia akidhani anasaidia. Pitisha tai ya plastiki katika kila tundu. Maji yakitoka, umekipata chanzo, ingawa bado hujui madhara yake.

Kisha amua kama kutu imetoka ndani au imeanzia nje. Kwangua kiputo kimoja. Ukikuta bati gumu lenye madoa ya juujuu, hilo ni jeraha la jiwe: safisha, paka praima (rangi ya chini), maliza. Likibonyea kwa kidole gumba, au likilia kama karatasi ukiligonga kwa mpini wa bisibisi, kutu imekula kutoka ndani, na rangi mpya juu yake haitadumu.

Chanzo cha tatu ni fila, yaani uji mgumu wa kujazia bati, iliyowekwa juu ya shimo. Sumaku haitashika. Fila hunyonya unyevu na kuuweka palepale penye bati bovu. Angalizo: kwenye magari ya miaka ya 1950 na 1960 sumaku inaweza kukataa kwa sababu maungio yalijazwa risasi kiwandani. Risasi ikikwaruzwa hung'aa kijivu, na ukiigonga hutoa sauti nzito. Usiipige msasa mkavu. Vumbi lake ni sumu.

Mwisho angalia raba inayofuta kioo cha mlango kwa nje. Ikikauka na kupasuka, maji yanayoingia mlangoni kila mvua ni mengi kuliko matundu yanavyoweza kutoa.

Bati likiwa zima, kazi ni hii. Osha chumba kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa mpira mwembamba, bila nguvu nyingi, hadi yanayotoka yawe meupe. Maji ya kisima cha pwani mara nyingi yana chumvi, kwa hiyo tumia ya mvua au ya bomba. Puliza hewa ya kompresa, halafu acha gari juani milango ikiwa wazi siku mbili au tatu. Kupima ukavu, bandika nailoni angavu juu ya tundu kwa tepu, uache saa moja juani: ikitoa umande kwa ndani, bado. Wakati wa masika usishindane na hewa. Weka feni ya joto au ngoja.

Puliza nta nyepesi ya kupenya kwanza, iache siku nzima, ndipo upulize nta nzito ya kuzuia. Kizingiti kimoja hunywa mililita 300 hadi 500, mlango mmoja 150 hadi 200, na gari zima la saluni lita 3 hadi 5. Ukimaliza, pitisha tena tai kwenye kila tundu. Nta inayoziba tundu la maji ni hasara kuliko kukosa nta.

*Simama hapa:* bisibisi ikitoboa karibu na pale jeki inapokaa, kwenye shina la mkanda wa usalama, au mahali saspensheni ya nyuma inapofungwa, hakuna kinga ya kupulizia itakayosaidia. Kwa 504 na saluni zote zisizo na chasi ya peke yake, kizingiti hubeba uzito wa gari. Kipimo chepesi: inua upande mmoja kwa jeki taratibu ukiangalia mwanya wa mlango. Ukibana au kupanuka, shusha gari na umwite fundi bodi mwenye uzoefu wa kuchomelea. Kabla ya kukata kizingiti lazima afunge vyuma vya kuzuia mlangoni, la sivyo bodi itapinda na milango haitafunga tena.

Maji yanacheza mlangoni, au maji ya kahawia yanadondoka baada ya mvua

Maji yanayocheza ni matundu yaliyoziba, rudi juu. Maji ya kahawia yanayotoka vizuri yanaonyesha kwamba njia iko wazi na kutu inaendelea. Fuata maji yanakotoka kabla ya kununua chochote. Mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagie maji kuanzia chini kwenda juu: kizingiti, mlango, kioo, mwisho paa. Mara nyingi yanaingia kwenye raba ya kioo cha mbele na kushuka kupitia nguzo hadi kizingitini, na kupulizia nta kizingiti wakati raba inavuja ni kuchota maji kwa pakacha.

Kinga inadondoka sakafuni, hasa mchana

Siku ya kwanza na ya pili baada ya kupulizia, matone ni jambo la kawaida. Tandika maboksi na usiegeshe kwenye sakafu ya vigae ya watu. Yakizidi wiki, fuata mpangilio huu.

Uwezekano wa kwanza ni kwamba ilipulizwa nzito mno. Utando wa unene wa mikroni 50 hivi ukishakauka unatosha; zaidi ya hapo uzito wake huushusha. Hili hujitibu lenyewe, matone hupungua kila siku.

Uwezekano wa pili ni kwamba bidhaa haifai joto la hapa. Bati jeusi lililolala juani saa saba mchana lina joto kubwa kuliko la hewa kwa mbali. Katika karatasi ya kiufundi ya bidhaa tafuta kiwango cha joto ambapo nta huanza kulegea na kudondoka. Gari linaloegeshwa nje litafutiwe nta inayostahimili zaidi ya nyuzi joto 80. Muuzaji asiyeweza kukupa karatasi hiyo, mwachie chupa zake.

Ikiwa ni girisi ya moto, hiyo ndiyo tabia yake: hulegea kwenye joto na kutambaa kuziba nyufa, na watu wa Ulaya huipenda kwa sababu hiyohiyo. Dar es Salaam hali ya kiangazi cha Ujerumani ipo mwaka mzima, kwa hiyo girisi hiyo huendelea kutoka. Inafaa zaidi Nairobi, Limuru, Iringa au Mbeya.

Na ikiwa ni mchanganyiko wa nyumbani wa mshumaa, girisi na dizeli, hautaacha kudondoka hadi uishe. Uoshwe kwa mafuta ya taa, ukaushwe, uanze upya.

Kinga iliwekwa, lakini kutu imeendelea chini yake

Hili ndilo linaloumiza watu mfukoni. Ingiza kamera kwanza, uangalie utando umekaaje.

*Umebaki laini lakini una madoa mekundu.* Karibu kila mara ni chumvi au unyevu uliofungiwa. Nta hufunika, haioshi. Chembe za chumvi zilizo chini yake huendelea kuvuta maji kupitia ufa wowote. Tiba ni kufuta kwa kiyeyushi kile kinachofikika, kuosha kwa maji matamu, kukausha kweli, na kupuliza tena. Pasipofikika, pulizia mafuta ya lanolini juu ya nta. Hupenya na kulainisha, na huongeza muda hadi pale utakapoweza kukifungua chumba.

*Umebaki laini, lakini kuna sehemu kavu kabisa.* Upulizaji haukufika. Sehemu inayofuata inahusu hilo.

*Umebanduka kama ganda, na nyuma yake ni vumbi la kutu.* Hiyo ni kinga ngumu juu ya kutu iliyolegea. POR-15 ni rangi nzuri mahali pake, hukomaa kwa unyevu na kuwa ngumu kama kigae, lakini hushika kile ilichopakwa juu yake. Ikipakwa juu ya magamba, yatadondoka pamoja. Lami ni mbaya zaidi ndani ya vyumba: ikizeeka hukauka, hupasuka, maji huingia kwenye ufa na kukaa nyuma yake bila jua wala upepo. Lami iliyo ndani ya kizingiti iondolewe vipande vyote vinavyofikika kabla ya kitu kingine.

*Kuna utelezi, unga mweupe au wa kijivu, na nta haishiki.* Mtu alimwaga dawa ya kugeuza kutu yenye asidi ya fosforiki. Inafaa kwenye bati la wazi, ambako unaweza kusuuza na kuona. Chumbani asidi inayobaki kwenye maungio huendelea kula bati. Suuza kwa maji mengi, kausha, ndipo nta.

*Kuna ute mweusi.* Oili chafu, yenye dizeli au isiyo nayo. Tunajua inapendwa: ni ya bure na inatambaa. Lakini oili iliyotoka kwenye injini imebeba asidi, maji na masizi, kemikali zake zinahusishwa na saratani ya ngozi, huvimbisha raba, na inayodondoka huishia kwenye udongo na visima. Ukitaka kinga ya bei nafuu inayotambaa, nunua mafuta mapya mazito au lanolini. Gereji zinazokusanya oili chafu zipo, peleka huko.

Nta haifiki kila mahali: mabaka, sehemu kavu, nyuzinyuzi

Kopo la kupulizia lenye mrija mfupi haliwezi kizingiti cha mita moja na nusu. Linalohitajika ni mpira mrefu wenye nozeli inayomwaga pande zote. Ingiza mpaka mwisho wa chumba, anza kupuliza, na uvute nje taratibu, sentimita 10 hivi kwa sekunde. Anayepuliza akisukuma ndani huacha mwisho wa chumba mkavu, na huko ndiko maji hukaa.

Nta inayotoka kama nyuzi ni baridi au nzito mno. Pwani hili ni nadra. Nyanda za juu asubuhi ya Julai ni kawaida. Weka kopo kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu dakika 15, kamwe si juu ya jiko. Kwa bunduki ya kompresa, shinikizo la baa 4 hadi 6 linatosha. Ukungu mzito unaotoka kila tundu bila utando ndani ni shinikizo kubwa mno.

Nozeli inayomwaga upande mmoja imeziba. Pitisha kiyeyushi kila unapohamia chumba kingine, usisubiri jioni.

Chumba kisicho na tundu la kuingilia hutobolewa la milimita 10 hadi 12, baada ya kuhakikisha nyuma yake hakuna bomba la breki, bomba la petroli wala waya. Paka praima ukingo wa tundu na uzibe kwa kizibo cha raba. Usitoboe kona za chasi wala karibu na mistari ya kuchomelea. Hapo ndipo nguvu hupita.

Kabla ya kupuliza nguzo za milango, funika rili za mikanda ya usalama kwa nailoni. Mkanda uliolowa nta hauvutiki haraka, na haufai tena. Funika pia diski za breki na ekzosi.

Mvuke wa kiyeyushi hushika moto. Chomoa betri, fungua milango yote na ya banda, usiwe na sigara wala jiko la mkaa karibu, vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke. Barakoa ya vumbi haisaidii chochote hapa.

Harufu ndani ya gari

Ya wiki ya kwanza ni kiyeyushi. Acha madirisha wazi. Ikikaa zaidi, kagua kama nta imegusa ekzosi.

Beetle ni kesi ya pekee. Hewa ya moto kutoka kwenye injini hupita ndani ya kizingiti chenyewe kwenda miguuni na kwenye kioo cha mbele. Ukipuliza nta humo, kila hewa ya moto ikifunguliwa unavuta mvuke wake, na mafusho yanaweza kuacha ukungu kwenye kioo. Wengi hapa hawatumii hita, lakini kebo iliyokwama huacha kilango chake wazi bila dereva kujua. Kizingiti cha Beetle kikiwa kimetolewa kwa matengenezo, paka epoksi ndani yake kikiwa kisafi. Kikiwa bado kwenye gari, nta ipulizwe tu kama njia ya hewa ya moto imezibwa kabisa kwenye injini.

*Simama:* harufu ikiwa ni ya moshi wa ekzosi, usiendeshe na vioo vimefungwa. Visanduku vya kupashia hewa vilivyooza kwenye Beetle huingiza kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu yenyewe. Mpe fundi injini abadilishe.

Raba zimevimba, vioo vimekuwa vizito

Mafuta, pamoja na baadhi ya lanolini, huvimbisha raba ya asili ya milango na vioo. Futa kwa maji ya sabuni mara unapoona, na mlangoni tumia nta inayokauka, si mafuta. Kioo kizito ni nta iliyotua kwenye reli yake. Ifute kwa kitambaa chenye tone la kiyeyushi.

Unga mweupe na rangi inayopasuka kwenye Land Rover

Ngozi ya Land Rover ni aluminiamu, mifupa yake mingi ni chuma. Vikigusana palipolowa maji ya chumvi, aluminiamu huliwa kwanza na kuacha unga mweupe. Hutokea hasa kwenye ukingo wa chini wa mlango, ambako ngozi imekunjwa juu ya fremu. Chanzo cha kawaida ni rangi iliyoisha kati ya metali hizo. Cha pili ni tope lenye chumvi. Cha tatu, kisichotajwa sana, ni boliti za chuma kisichoshika kutu zilizofungwa moja kwa moja kwenye aluminiamu na mtu aliyedhani anaboresha, huharakisha kuoza.

Palipofungwa kwa boliti, fungua, safisha kwa brashi ya nailoni (brashi ya waya wa chuma huacha chembe zake), paka praima ya epoksi pande zote mbili, rudisha kwa washa za plastiki na nta kwenye uzi. Usitumie girisi ya shaba hapa. Palipokunjwa, mimina nta nyepesi kabisa na uache mlango umelala ili ipenye kwenye mkunjo. Mkunjo uliokwisha kupasuka hautapona. Mlango utengenezwe upya.

Chasi ni boksi la bati la unene wa takriban milimita 2, na hujaa tope. Ingiza mpira wa maji kutoka mbele hadi yatoke safi nyuma, ipe siku kadhaa za kukauka, na tenga lita 4 au 5 za nta kwa ile ndefu ya 109 (inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma). Chunguza boriti ya mwisho nyuma na mikono inayobeba bodi, huoza kwanza. Kama gari limeshavuliwa lote, kuichovya chasi kwenye zinki ya moto ni bora kuliko nta yoyote. Matundu karibu na sehemu za kufungia springi au boksi la usukani ni kazi ya mchomeleaji mzoefu, na gari lisitembee hadi hapo.

Gari lina nta tayari, na linahitaji kuchomelewa

Nta iliyo ndani huweza kuwaka mahali usipopaona. Mwambie mchomeleaji kabla hajawasha mashine, hata kama kazi ni ya dakika tano. Fungua vizibo, kwangua na ufute kiasi unachofikia kila upande wa mahali pa kazi, toa zulia na viti, na mtu wa pili asimame na kizimamoto akiangalia upande mwingine wa chumba. Tangi la petroli lililo karibu litolewe kabisa. Kwenye maungio mapya weka praima ya zinki inayoruhusu kuchomelea. Bati likipoa endeleeni kulinda nusu saa, kwa kuwa moshi wa nta unaweza kufuka muda mrefu kabla ya kuwaka. Siku inayofuata, safisha masizi, paka praima pande zinazofikika, na pulizeni nta upya kwenye chumba chote, kuanzia pale joto lilipoishia kuunguza ile ya zamani.